Kazi Tatu za Mkono Wako

Katika nyumba waliyopanga Priscah na mamake mtaa wa Majengo, Mombasa, dirisha la maana lilikuwa moja tu, na kwa miaka kumi na minne dirisha hilo lilikuwa la cherehani. Mamake Priscah alikuwa akishona sare za shule. Wateja wake walijua kwamba wakigonga dirishani badala ya mlangoni watajibiwa upesi.

Siku Priscah Kalama aliporudi nyumbani na digrii yake ya usanifu wa michoro, mamake aliisukuma cherehani mwenyewe mpaka ukumbini, kwenye giza, akaiweka karibu na pipa la maji. Hakuna aliyemwomba.

"Kazi yako yataka mwanga kuliko yangu," alisema. "Mimi mshono nimeuzoea. Nauona hata kwa vidole."

Basi Priscah akapata kona ya kufanyia kazi. Mtandaoni aliona mtu aliyetengeneza meza kwa miguu ya chuma ya cherehani kuukuu, na mamake alikuwa na moja iliyokufa zamani, imesukumwa uvunguni. Wakaisugua kutu, wakaipaka rangi nyeusi, wakafunga ubao wa plaiwudi juu yake. Ukutani, pale chokaa ilipobanduka na udongo ukachungulia, Priscah alitandaza leso ya kujifunga, ya samawati na nyeupe, ili watu wakimwona kwenye kamera waone pambo, wasione ukuta. Kikapu cha ukindu akakigeuza kuwa kifuniko cha taa. Kalamu zikakaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Alipopiga picha kona hiyo na kuiweka mtandaoni, watu wengi waliipenda, wengine wakauliza ni ofisi ya wapi.

Hapo ndipo alipofungua ukurasa wake, akauita Kona ya Dirishani. Kila Jumatatu aliweka humo vitu alivyookota mtandaoni wiki nzima: herufi za bure zilizochorwa na mtu wa mbali, rangi zinazopatana, ramani za zamani, namna ya kugeuza boksi la viatu kuwa droo. Chini ya kila kitu aliandika kimetoka wapi na ni kazi ya nani. Hilo alilishika kama sheria, na watu walimheshimu kwalo.

Lakini kazi haikupatikana. Mwaka wa kwanza alituma maombi kwa furaha, mwaka wa pili akatuma kama mtu anayetimiza kazi ya nyumbani. Wengi hawakujibu kabisa. Majirani walipomuuliza mamake, "Priscah ameshapata?" mamake alijibu, "Yuko kazini. Kazi zao siku hizi ni za mtandaoni." Priscah alisikia hayo kutoka mezani pake, akainamisha kichwa karibu na kioo cha laptopu kana kwamba kweli ana kazi ya haraka. Kelele za cherehani ukumbini zilimfikia siku nzima. Alianza kuogopa kutoka kwenda chooni, kwa sababu ilimbidi apite mbele ya mamake, naye mamake angeinua macho na kutabasamu.

Kisha likaja tangazo. Ofisi moja ndogo ya michoro, ghorofani katika Mji wa Kale, ilitaka mtu wa kuchora lebo za halua, vifuniko vya vitabu na mapambo ya hoteli, mtu anayezijua nakshi za Mombasa. Tangazo lilisema: tuma kazi tatu za mkono wako mwenyewe. Mwisho ulikuwa siku ile ile, saa kumi na moja jioni.

Priscah alikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa michoro ya vichana vya kuchania nywele, ya pili alfabeti aliyoitunga kutokana na maandishi ya leso. Ya tatu hakuwa nayo. Ilipofika saa tisa alifungua faili la vitu alivyookota na humo akakuta mchoro wa mlango wa Kiswahili, wa penseli, aliouhifadhi miezi mingi kabla. Ulionyesha mkono wa mtu aliyetulia. Kwenye kizingiti cha juu palikuwa na maua tisa, na la saba lilikuwa limepinduka, kichwa chini. Pembeni chini kulikuwa na sahihi ndogo: Mselem.

Hakupanga kuiba. Alianza kwa kuunyoosha mstari mmoja, kisha mwingine, akautia rangi ya mti na kivuli cha asubuhi. Saa kumi na nusu ulikuwa umependeza kiasi kwamba alijiambia ni kama umekuwa wake. Sahihi ilibaki pale chini. Aliitazama, akasikia cherehani ikisimama ukumbini na mamake akikohoa vumbi la kitambaa. Akaikata ile pembe. Akatuma.

Aliitwa Jumanne iliyofuata.

Mwenye ofisi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bi Mwanabaraka, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alizitazama zile kazi mbili akazisifu kwa maneno machache. Alipofika kwenye ya tatu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Huu umeuchora wapi?"

Jibu Priscah alikuwa amelitayarisha njiani. "Makadara. Kuna ua mmoja nyuma ya maduka. Nilikwenda asubuhi tatu, kabla jua halijawa kali."

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Mwaka jana," alisema Bi Mwanabaraka polepole. "Na ua hili lililopinduka, uliliona hivi hivi? Hukulitia wewe kwa kupamba?"

"Nililiona hivi hivi."

Bi Mwanabaraka aliinama akayahesabu maua kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Waweza kurudi Alhamisi? Yuko mtu nataka muonane."

Priscah alishuka ngazi akiwa amejaa matumaini. Kuitwa mara ya pili! Mamake alipopata habari alikwenda ukumbini akaifungua redio kwa sauti, na jioni hiyo akakata kitambaa cha blauzi ya kuanzia kazi, kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka kwa ajili yake mwenyewe.

Alhamisi, Bi Mwanabaraka hakumpeleka ofisini. Alimpitisha kwenye kichochoro kimoja, wakapanda ngazi za nyumba nyingine, akamwingiza kwenye chumba safi chenye harufu ya udi. Karibu na dirisha alikuwa ameketi mzee mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Uso wake ulielekea mlangoni lakini macho hayakumfuata mtu.

"Huyu ni kaka yangu," alisema Bi Mwanabaraka. "Watu wamwita Mwalimu Mselem. Amesomesha kuchora miaka thelathini. Sukari ndiyo iliyomla macho."

Jina lile lilimwingia Priscah kama maji ya baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Mwana, mtilie mgeni kahawa." Mzee alikuwa akitabasamu tangu walipoingia. "Dada yangu anambia umeuona mlango wetu."

Kisha akaeleza. Mlango ule ulikuwa wa nyumba ya babao. Wakati wa masika ya mwaka mmoja, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, ukuta wa mbele ulianguka. Watu walinusurika, mlango ukabaki umesimama peke yake kwenye kifusi. Kabla ya wiki kwisha, ukaibwa. Seremala aliyeuchonga alikosea ua moja, na babao alikataza lisirekebishwe kwa sababu lilimchekesha. Kwa hiyo hakukuwa na mlango mwingine kama ule duniani. Alipokuwa na macho, Mwalimu aliutafuta katika mahoteli, kwa wauza vitu vya kale, mpaka Malindi. Aliuchora kwa kumbukumbu mara nyingi, na wanafunzi wake wa zamani waliichukua michoro hiyo, hakujua waliifanya nini.

"Ua la saba," alisema. "Bado limepinduka?"

"Bado, Mwalimu," Priscah akajibu, na sauti yake ikatoka nzima.

"Subhanallah. Na mchwa? Haujaliwa?"

Hapa palikuwa na nafasi. Baadaye aliirudia dakika hiyo kichwani mara nyingi sana, akaona jinsi ilivyokuwa pana, jinsi angeweza kusema sentensi moja tu na mambo yakaishia chumbani. Bi Mwanabaraka alikuwa amesimama na birika mkononi, hamtazami Priscah, amtazama kakake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mgonjwa akila baada ya siku nyingi.

"Haujaliwa," alisema Priscah. "Ni mzima."

Mzee aliinua viganja vyake, akashukuru kimya kimya. Chozi lilimshuka, hakulifuta. Priscah alikunywa kahawa akaungua ulimi. Alipoaga, Bi Mwanabaraka alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akasema, "Njoo Jumatatu. Meza yako itakuwa tayari."

Nyumbani alikuta majirani watatu ukumbini, na mamake katikati yao ameshika blauzi isiyo na mikono bado. Wakampigia vigelegele. Priscah aliwashukuru wote kwa majina, kisha akaingia chumbani akakaa kwenye kona yake, akaishika meza kwa mikono miwili. Alitaka kumwita mamake. Alifungua kinywa mara mbili. Kila mara alisikia kicheko chake nje, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani humo kwa muda mrefu, akafunga kinywa.

Jumamosi, saa nne ya asubuhi, simu ililia.

"Priscah, mwanangu, samahani kukusumbua," alisema Bi Mwanabaraka, na nyuma yake zilisikika honi za tuktuk. "Tuko hapa Makadara. Mwalimu hakuweza kungoja. Tumekwisha kuingia nyua nne hatujauona. Ni nyuma ya maduka gani?"

Priscah alisema tu, "Naja," akatoka mbio na ndara miguuni.

Aliwakuta kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Kanzu nyeupe ya Mwalimu ilikuwa imeshika masizi kifuani. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mtu, mlango wa kawaida wa mbao zilizopigwa misumari, mikono yake miwili imeinuliwa juu, apapasa kizingiti polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Wanawake wa ua ule walikuwa wamesimama na masufuria yao, hawajui wacheke au wasaidie. Mmoja alikuwa ameleta kigoda. Jua lilimpiga mzee usoni na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Si huu," alisema Mwalimu. Akageuka kwa wenye nyumba. "Niwieni radhi. Iko nyumba nyingine humu?"

"Mwalimu," alisema Priscah.

"Ah! Mwenyewe amekuja." Uso ukamchangamka. "Tuongoze basi, mwanangu."

"Mwalimu, haupo."

"Wameuhamisha?"

"Haukuwapo." Priscah alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine, nyembamba, na wanawake wale wote wakamgeukia. "Sikuuona. Sijauona hata siku moja. Nilikuta mchoro wako mtandaoni, nikautia rangi nikasema ni wangu. Ulikuwa na sahihi yako pembeni. Niliikata."

Sufuria moja iliwekwa chini. Bi Mwanabaraka alifunga macho, akayafungua, akamtazama Priscah kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kana kwamba sasa ndipo anamuona alivyo.

Mwalimu Mselem hakupaza sauti. Alitoa kitambaa mfukoni, akaifuta mikono yake, kidole baada ya kidole, masizi yakahamia kwenye kitambaa.

"Ulikuwa wa penseli," alisema, "au wa wino?"

"Wa penseli."

Alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba amejibiwa swali la darasani. "Nambia kitu kimoja. Juzi nilipokuuliza kuhusu mchwa, kwa nini ulinijibu?"

Priscah alisimama pale mbele ya watu asiowajua, machozi yanamtoka na hata kuyafuta aliona haya, kwa sababu kulia nako kulikuwa kama kuomba ahurumiwe.

"Twende, Mwana," alisema mzee. "Jua limekuwa kali."

Akageuka, lakini akageukia upande usio wenyewe, kuelekea ukutani. Priscah alinyoosha mkono amzuie asijigonge.

"Usimguse," alisema Bi Mwanabaraka.

Wakaondoka, dada amemshika kaka kiwiko. Mwenye kigoda alikichukua kigoda chake akakirudisha ndani.

Priscah alirudi Majengo kwa miguu. Mamake alikuwa akitia vifungo kwenye blauzi. Safari hii Priscah hakungoja, kwa sababu alijua akikaa kwanza hatasema. Alisimama kando ya cherehani akaeleza yote, tangu saa tisa ya siku ile ya tangazo. Mamake alisikiliza bila kumkatiza, sindano mkononi.

"Alipapasa milango ya watu?" aliuliza mwishowe. "Mzee kipofu? Kwenye jua?"

"Ndiyo, mama."

"Na watu wakitazama?"

"Ndiyo."

Mamake aliichoma sindano kwenye kitambaa, akaikunja blauzi, akainuka. Priscah alidhani atapigwa, na moyoni alitamani iwe hivyo. Lakini mamake alimpita, akagonga mlango wa jirani wa kwanza. Priscah alisikia kila neno pale alipokuwa.

"Nilikuwambieni Priscah amepata kazi. Hakupata. Alituma kazi ya mtu akasema ni yake." Akaenda mlango wa pili, akasema maneno hayo hayo. Akaenda wa tatu. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. "Afadhali walisikie kwangu," alisema. "Na hata mimi niliwadanganya. Miaka miwili nawaambia uko kazini."

Siku ile hawakuzungumza tena.

Jumatatu, badala ya vitu vya wiki, Priscah aliweka kwenye Kona ya Dirishani mchoro wa penseli kamili, pamoja na sahihi yake. Akaandika nani aliuchora, akaandika alichofanya yeye, bila kutaja uchovu wala kukosa kazi. Wengi walimtukana. Aliyasoma matusi yote. Yaliyomshinda kusoma ni maneno ya wale waliomfariji, walioandika kwamba kila mtu hukosea na kwamba yeye ni jasiri. Hao alitamani wangenyamaza. Alimwandikia Bi Mwanabaraka barua kwa mkono, akaipeleka mwenyewe, akaipenyeza chini ya mlango wa ofisi. Haikujibiwa.

Kwa miezi kadhaa alitafuta mlango. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua, kutafuta vitu mtandaoni, na sasa aliifanya kwa namna nyingine. Alipekua picha za mahoteli ya pwani yote, nyumba za wageni, mabaraza, wauza samani za kale wa hapa na wa ng'ambo, picha za harusi ambamo bibi harusi amesimama mbele ya mlango wa nakshi. Alijifunza kuhesabu maua ya kizingiti kwa kutupa jicho mara moja tu. Aliona mamia ya milango. Ua lililopinduka hakulipata, na hakumwambia mtu kwamba alikuwa akilitafuta, kwa sababu tayari alishampa mzee yule tumaini mara moja bila haki.

Mwaka ulipokaribia kwisha alipata kazi Tononoka, katika duka dogo la uchapaji wa kadi za harusi, ratiba za mazishi na beji za wanafunzi. Kabla hajaulizwa lolote alimweleza mwenye duka, bwana mmoja mnene aitwaye Nicanor, habari ya mchoro. Nicanor alimsikiliza huku akifungua bunda la karatasi.

"Hapa hatuchori milango," alisema. "Hapa twaandika majina ya watu. Likosee jina la maiti, ndipo utaniona."

Ilikuwa kazi, na aliifanya vizuri. Lakini alipotumwa Mji wa Kale kupeleka kadi, alizunguka njia ya mbali ili asipite chini ya dirisha la Mwalimu.

Asubuhi moja, njia ya mbali ilimkutanisha na aliyekuwa akimkwepa. Bi Mwanabaraka hakuwapo. Mwalimu Mselem alikuwa akija na mtu mzima mwingine aliyemshika kiwiko, wanazungumza taratibu, na kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba ilikuwa lazima mmoja asimame wengine wapite. Priscah alibana ukutani. Angeweza kunyamaza. Mzee asingejua kuna mtu. Lakini kumpita mtu mzima bila kumwamkia hakukuwezekana, na kumpita huyu kimya, kwa sababu haoni, kungekuwa kumwibia tena.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

Mzee alipunguza mwendo. Uso wake uligeuka kidogo upande wa sauti, ukakaa hapo kwa muda mfupi.

"Marahaba," alijibu.

Hakusema mwanangu, wala hakuuliza ni nani. Akaendelea na mazungumzo yake pale alipoyaachia, na wale wawili wakapinda kona. Priscah alibaki amebana ukutani na boksi la kadi kifuani, uso unamwaka, mpaka mwenye duka la jirani akamuuliza kama amepotea njia. Akasema hapana, akashika njia yake.